Kila Asubuhi Anauliza Saa

Redio ya Kinyozi ilikuwa imetangaza punde tu kwamba hospitali kubwa imeweka daktari wa kuwasikiliza wazee wenye huzuni na upweke. Benchi la nje likawaka moto.

"Daktari wa kusikiliza!" Dalali wa viwanja alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. "Mzee anaumwa magoti, bwana! Huzuni ni ya vijana wenye mapenzi."

"Na wewe ulipoachwa mwaka jana?" Kinyozi alimrushia kutoka mlangoni, mashine mkononi. "Si ulilia hapahapa, na mvi zako?"

"Yale yalikuwa mafua."

Fundi Cherehani hakucheka. Alipozika mke, watu walimjazia nyumba, kisha wakaondoka wote kwa mkupuo kama waliofukuzwa. Siku hizi habari za mtaa alikuwa akiisimulia cherehani. Hilo hakumwambia mtu.

"Mama yako hajambo?" alimwuliza Dalali.

"Mama? Anaishi kama malkia! Nimemwekea televisheni, msichana wa kazi, godoro la kuzama. Ila uzee umemharibu. Kila asubuhi ananipigia kuuliza saa ngapi. Nikamnunulia saa ya ukutani, kubwa kama sinia. Bado anapiga!"

"Ukafanyaje?"

"Nikaacha kupokea."

"Lo! Kichwa tofali!" Kinyozi alishika kiuno. "Mtu ana saa mbele ya macho, akuulize wewe saa ya nini?"

"Si ndiyo nasema amechanganyikiwa!"

"Aliyechanganyikiwa ni aliyekwenda dukani kununua saa," alisema Fundi. Sauti yake ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Mpigie. Sasa hivi."

"Nimwambie nini?"

"Kutwa nzima unasifia viwanja vyenye madimbwi, leo kwa mama yako umekosa maneno?"

Kinyozi akazima redio. Dalali, ili awakomeshe, akafungulia simu spika na kuiweka katikati ya benchi. Iliita mara moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Nani amekufa?"

Dalali akawatazama wenzake, akacheka peke yake. "Hakuna aliyekufa, mama. Nimepiga tu."

Kwenye simu ikasikika miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni.

"Usinifiche, mwanangu. Nimeshakaa. Niambie."