Jicho la Kulia

Jumatano, 14 Mei 2025

Miwani, kwaheri! Jana macho yote mawili yalipigwa leza. Leo, nikiwa dirishani kliniki, nimesoma bango la rangi za nyumba lililo ng'ambo ya barabara. Hata namba ya simu. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisoma kwa sauti.

Daktari alinikagua, akamnong'oneza nesi. Nesi Zuleika, binti wa ukoo wa pwani, Kiswahili chake cha kuringa, akanipa chupa ya dawa. Jicho la kulia nilitie tone moja kila baada ya saa mbili. Nikacheka moyoni. Jicho la kulia? Sisi wanaume wa Bukavu hatulii hata kwenye matanga ya baba zetu! Nimeitia chupa mfukoni kwa adabu tu.

Kuna jambo kubwa zaidi. Jumapili nasoma Neno kanisani. Miaka tisa amesoma Elie, muuza mikanda. Sasa Mchungaji amenipa mimi! Elie kasema ataketi mstari wa mbele anisikie vizuri. Namjua huyo. Anangoja nikwame.

Alhamisi, 15 Mei

Sokoni Owino, kwenye meza yangu ya makoti ya mitumba. Vumbi. Jicho la kuume lawasha kama limeingia pilipili. Lakini kulia? Hata chozi moja! Nimejikagua kwenye kioo mara saba. La kushoto nalo kavu. Chupa sijaifungua. Najivunia.

Mke wangu Julienne kauliza mbona sitii dawa. Nimemweleza ni ya watu wanaolia. Akasema basi nimpe yeye, kwa vile aliolewa na mimi. Sikumwelewa.

Jumamosi, 17 Mei

Ukaguzi wa pili. Nikamrudishia Zuleika chupa yake imejaa, awape wanyonge. Akashika kichwa. Kumbe kwao kulia ndiyo kuume! Nikamwambia Biblia yangu inasema mkono wa kuume wa Mungu. Akasema mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, mzee. Nikamuuliza, na jicho linakula nini? Akageuka kumwita daktari. Nimeshinda.

Daktari hakucheka. Jicho la kuume limekauka, kidonda hakijafunga. Nikizidi kupuuza dawa, huenda likabaki na ukungu maisha yote. Niliogopa. Niliogopa sana, na naandika hivi kwa sababu hakuna anayesoma humu. Tone la kwanza nilitia palepale.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi tai ilinichelewesha, dawa nikaiahirisha. Mstari wa tatu wa Neno, jicho la kuume likawasha, likabubujika. Machozi! Herufi zikaogelea. Nikasoma polepole, nikanyamaza, nikapepesa, nikaendelea. Mama mmoja nyuma akaanza kulia. Halafu kwaya nzima. Mchungaji akasimama, akasema tangu aanze utumishi hajasikia mtu akisoma kwa moyo uliopondeka namna hii. Elie, mstari wa mbele, anapenga kamasi!

Nimeombwa nisome tena Jumapili ijayo, na ile inayofuata, na Pentekoste pia. Elie amekuja kunishika mkono. Nilimpa kwa unyenyekevu mkubwa, watu wote wakiona.

Jioni Zuleika kapiga simu kuniuliza kama nafuata dawa. Nimemwapia kwamba nafuata barabara, kila baada ya saa mbili, bila kukosa. Jumatatu hadi Jumamosi.