Kuhusu Kuangushwa kwa Mzee Sadoki Kwenye Loshoro

Ngaramtoni, Arusha.

Kwa Mwalimu Luqman,
Klabu ya Jiu-jitsu, Kijenge.

Ndugu Mwalimu,

Natumaini u mzima na viungo vyako vyote viko mahali pake. Mimi ni baba yake Tabitha, mwanafunzi wako. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

1. Unafundisha watu kupigana wamekaa. Nilikubali binti yangu ajifunze kujilinda nikijua atafundishwa kusimama imara au, ikibidi, kukimbia. Kumbe anakaa kitako, anajisogeza kwa makalio mpaka miguuni pa mtu, anakumbatia kifundo, anapachika mguu mmoja nyongani na mwingine nyuma ya goti, kisha anasukuma. Mwalimu, kwetu mtu akikaa chini anasubiri chai!

2. Mazoezi ya nyumbani anamfanyia beberu wangu. Beberu aliyetisha kijiji kizima, siku hizi akimwona Tabitha amekaa anapitia nyuma ya zizi.

3. Sasa kubwa lenyewe. Jumapili wakwe walileta posa. Desturi yetu Waarusha unaijua: kijana humwinamia mzee, naye mzee humgusa kichwani. Mzee Sadoki, baba mdogo wa mchumba na msemaji wao, akamfuata Tabitha kwenye jiko la nje, akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kiatu changu. Kuinuka hivi, binti yangu kakaa chini, Mzee Sadoki yuko chali ndani ya sufuria la loshoro. Loshoro ya watu arobaini, jamani! Mahindi, ndizi, mtindi, vyote vimeishia kwenye suti. Bahati ilishapoa.

4. Wakwe wanakuja Jumamosi kuombwa radhi, la sivyo posa imekufa. Nimeshawaahidi. Tabitha hataki. Leo siku ya tano hanisemeshi, na mama yake naye kanuna.

Kwa hiyo naomba umfundishe kutofautisha mkono wa adui na mkono wa baraka. Pili, umwamuru kwa maandishi asahau yote, nakala kwangu na kwa mchungaji. Tatu, uje mwenyewe Jumamosi, Mzee Sadoki akuangushe mbele ya ukoo, tuwe sawa. Sufuria jingine tutapika.

Wasalimie wanafunzi wote, na mama yako nyumbani umpe shikamoo yangu kama kanizidi umri.

Wako mwenye masikitiko,
Abdiel, Baba Tabitha.

N.B. Nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Mama Tabitha amekaa karibu nami akanieleza kwa nini binti hataki kuomba radhi. Mkono wa Mzee Sadoki haukuwa unaelekea kichwani.

Futa yote ya juu. Nimemlaumu mtoto siku tano, Mwalimu, na naona aibu. Jumamosi wakija, nitampokea mzee yule nimekaa chini. Nina miaka sitini na miwili na goti moja bovu. Tafadhali nijulishe mapema, unaanza mguu upi?