Kidole na Jeshi la Mafundi Bomba

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na subira moja! Zimeni redio, mpakateni mtoto, na anayetafuna atafune polepole, kwa maana nayasimulia mambo ya Kidole, jabari wa matangazo, bwana wa simu iliyopasuka kioo, aliyewatetemesha watu wasioogopa kitu kwa kubonyeza mara moja tu. Mmesimuliwa wafalme waliovunja ngome. Ngome, jamani, zina milango. Huyu wetu aliivamia mioyo ya mafundi bomba, na moyo wa fundi bomba hauna hata dirisha.

Kwanza mjue chanzo cha vita. Dada yake Kidole, mwanamke wa shoka, alikuwa ametengeneza filamu ya kutisha iitwayo Tangi Linaloita. Humo mna mzimu unaokaa ndani ya tangi la maji juu ya paa, na kila afunguaye kifuniko huona nywele zikielea, kisha macho, kisha haoni tena kitu. Mzimu huo uliigizwa na mama yao mzazi, mshonaji wa nguo, baada ya waigizaji wote kukataa kuingia kwenye maji ya baridi. Mama alisema, "Nimewaogesha nyinyi kwa maji ya baridi kuliko haya," akavua viatu, akazama. Akaibuka na macho yale yale aliyowatazama nayo wanawe walipovunja vikombe. Walioshika kamera waliomba radhi bila kujua kosa lao.

Sasa Mwenye Ukumbi, mtawala wa jumba la pekee la sinema katika mji ule, aliionyesha filamu Jumamosi ya kwanza mbele ya viti vitupu na mzee mmoja aliyeingia kujikinga na mvua. Akatoa hukumu pale pale mlangoni, funguo zikilia mkononi mwake.

"Jumamosi ijayo ukumbi usipojaa nusu, naitoa. Naweka ile ya harusi. Watu wanapenda harusi."

Na Jumamosi hiyo ndiyo Mama aliyoipanga kuja kujiona kwa mara ya kwanza kwenye skrini kubwa. Alikwisha kujishonea gauni la kijani lenye mabega yaliyovimba, na mtaa mzima ulikuwa umeonyeshwa gauni hilo likiwa bado halina vifungo. Dada mtu hakuiogopa harusi. Alichoogopa ni kumwona mama yake amekaa peke yake na gauni jipya, kazungukwa na viti vitupu.

Basi akamwita mdogo wake katika ngome yao, yaani kile chumba kilicho juu ya duka la matairi, penye meza moja inayochechemea na harufu ya mpira isiyotoka hata ukifungua dirisha.

"Mdogo wangu, wewe ndiwe mkuki wangu na ndiwe ngao yangu," akanena. "Wiki iliyopita tulilipeleka tangazo kwa vijana wa vyuo. Wakalicheka, wakalitumiana, na hakuja hata mmoja. Safari hii nitafutie watu watakaoogopa kweli."

Kidole akaweka mkono kifuani. "Dada! Mbingu na zishuhudie, na matairi yote yaliyo chini yetu yashuhudie, nitawasaka waoga hata wakijificha uvunguni!"

"Usiape. Fanya."

Akaketi mbele ya mtambo wa matangazo, na mtambo huo, wasikilizaji wangu, una ujanja wa nyoka. Hukuuliza unamtaka nani: umri wake, anakaa wapi, anapenda nini. Nawe ukijibu, humfuata huyo mmoja na kumpita jirani yake aliyekaa naye benchi moja. Kidole akafikiri fikira za majemadari. Filamu inahusu nini? Tangi. Basi watu wake ni wapenda matangi. Akaandika: matangi ya maji. Akaongeza: mabomba. Akaongeza na paa, kwa kuwa tangi liko juu ya paa na shujaa hafanyi kazi nusunusu. Akabonyeza, akanywa chai ya ushindi.

Chai haijapoa, simu ikaita.

"Habari za kazi. Hilo tangi ni lita ngapi?"

"Ndugu yangu, hilo ni tangi la mauti!"

"Sawa, lakini lita ngapi? Na mnaleta mpaka nyumbani?"

Akakata. Ikaita tena. Huyu alitaka kujua kama kifuniko kinauzwa peke yake. Wa tatu alikuwa mama mwenye nyumba za kupangisha, mpole sana, akampa ushauri wa bure: "Mwanangu, tangi linaloita halina mzimu, hilo ni boya la kufunga maji limelegea. Badilisheni boya." Hadi adhuhuri Kidole alikuwa amezungumza na mafundi bomba wengi kuliko mtu yeyote ambaye nyumba yake haivuji.

Dada akaingia, akaitazama simu ikitetemeka mezani.

"Tangazo umempelekea nani?"

"Mafundi bomba."

"Wepi?"

"Nadhani wote."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha Kidole. Alikaa kwenye kiti, akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akajifuta macho. "Mama amenunua mpaka vifungo vya dhahabu," akasema. Kidole aliumia. Yeye ndiye aliyemsindikiza Mama kuvichagua.

Salio la matangazo lilikuwa limebaki la kutupa mkuki mmoja tu. Dada akamwamuru afute mafundi, arudishe vijana, wafe wakiwa na heshima. Hapo ndipo Kidole aliposimama, meza ikachechemea kwa hofu, akatoa hotuba ambayo wauza matairi waliisikia hadi kule chini.

"Ewe Dada, mzaliwa wa kwanza, uliyenifundisha kupiga mswaki! Kijana wa chuo akitoka ukumbini anarudi kwenye shuka lake, anacheka na wenzake, yamekwisha. Lakini fundi bomba! Fundi bomba Jumatatu anapanda paani. Yuko peke yake. Anafungua kifuniko, anainama, anatia mkono kwenye maji asiyoyaona mwisho. Nani katika mji huu ana sababu ya kumwogopa Mama kuliko huyo?"

Dada akaiachia ncha ya kitambaa chake. Chini, nyundo ya mtu wa matairi ikanyamaza.

"Bonyeza," akasema Dada. "Ila mambo yakiharibika, wewe ndiye utakayemweleza Mama."

Kumweleza Mama! Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akalifuta tangazo la kale, akaandika jipya, sentensi moja: Fundi, mara ya mwisho ulipofungua tangi, ulitazama hadi chini kabisa? Kisha akainua kidole kile kinachompa jina. Akabonyeza. Kioo, kwa sababu ya ule ufa na jasho la shujaa, kikakataa. Akakifuta kwa shati, akabonyeza. Kikakataa. Akakipulizia, akamtaja Mama, akabonyeza kwa upande wa kucha, na tazameni, mkuki ukaruka!

Jumamosi alasiri wakaja. Walikuja na ovaroli, walikuja na spana mifukoni, walikuja wawili wawili wakibishana, na wengine, tusiseme uongo, walikuja kununua tangi. Ukumbi ulipita nusu, ukapita robo tatu. Mama akaingia na gauni lake la kijani, vifungo vikimeta, akapewa kiti cha katikati kando ya fundi mmoja mpana wa mabega waliyemwita Nyundo.

Mwanzoni walikunja mikono. "Koki imefungwa kinyume hiyo," akasema mmoja. "Bomba jembamba namna ile, maji yatapanda saa ngapi?" akadakia mwingine. Dada, aliyesimama nyuma, alitafuna ncha ya kitambaa chake.

Kisha kifuniko kikafunguka. Zikaja nywele. Ukumbi ukatulia hadi viti vikaacha kulia. Yakaja macho.

"Mama yangu weee!" akalia Nyundo.

"Nipo hapa, mwanangu," akaitika Mama kando yake kwa upole.

Nyundo akageuka. Akayaona macho yale yale, juu ya gauni la kijani. Walioshuhudia wanasema aliruka safu mbili za viti bila kugusa mtu, na kila aliyemwona akiruka akaruka naye, akiamini mwenzake ameona zaidi.

Taa zilipowashwa, Mwenye Ukumbi aliingia mbio, suruali imelowa.

"Jamani, tangi la juu linafurika, maji yanashuka hadi kwenye stoo! Namshukuru Mungu nina ukumbi mzima wa mafundi. Nani anapanda?"

Jeshi lote likainama, kila fundi akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Leo sikuja na spana," akasema mmoja, spana ikichungulia mfukoni mwake.

"Mimi ni wa mabomba ya chini tu," akasema wa pili.

"Bosi, yaache," akashauri Nyundo kutoka nyuma ya pazia. "Maji yakichoka yataacha yenyewe."

Mwenye Ukumbi akaishika ngazi yeye mwenyewe, akapanda kipago kimoja, akatazama juu, akakumbuka ana shughuli ofisini. Ndipo Mama aliposimama. Akampa Dada mkoba, akaukunja upindo wa gauni lake hadi magotini, akamwita mwanawe.

"Shika ngazi, wewe. Shika vizuri, nisije nikawa mzimu wa kweli."

Na Kidole akaishika! Aliishika kwa mikono yote miwili na kwa paji la uso, macho kayafumba, huku juu kukisikika kifuniko kikiburutwa, maji yakipigwapigwa, na sauti ya Mama ikilikaripia boya kama mtu. Maji yakakoma. Akashuka, nywele zimemlowa zimemganda usoni, na kwa kuwa gauni lilikuwa limechafuka, macho aliyokuwa nayo mnayajua. Mafundi wakajipanga ukutani kumpisha. Mmoja akasema shikamoo, na wote wakaifuata kwa sauti moja.

Mwenye Ukumbi alisimama na funguo zake, akimtazama Mama, akiwatazama mafundi waliokuwa wakinong'ona kwamba watarudi kesho na wake zao.

"Harusi itasubiri," akasema.

Dada alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia Mama na maji yake yote. Naye Mama, aliyejiona mkubwa kuliko ukuta wa nyumba yake, alisema jambo moja tu: kwamba kwenye skrini mabega yake hayaonekani vizuri, safari nyingine atamshonea mzimu nguo ya maana.

Hiyo ndiyo siku ya Kidole. Waliomzidi nguvu ni wengi, na waliomzidi akili hawahesabiki, lakini alama aliyoiacha haijafutika. Maana katika mji ule, hata leo, fundi bomba akifika juu ya paa hakifungui kifuniko papo hapo. Hukigonga kwanza, akaita hodi, akasubiri. Akishahakikisha hakuna aliyemwambia karibu, ndipo anapofungua.