Mashine ya Keki Kwenda Unguja

Jumamosi, 20 Desemba

Nimepata msafiri!

Johari, mdogo wake mke wangu Nahla, anakwenda Unguja Jumatano na binti yake Layla. Skuli zimefungwa, Maryland nzima, huku Marekani, imeingia wazimu wa taa na miti, naye ameona bora akaote jua kwao. Mabegi manne: mawili yake, mawili ya mtoto. Mtoto wa miaka saba ana nini cha kujaza mabegi mawili?

Mimi nina kitu kimoja tu cha kupeleka. Mashine ya kukorogea keki, kwa Mama. Mama anapika keki za harusi Kikwajuni tangu mimi sijazaliwa, na mpaka leo anapiga mayai kwa mkono. Sasa kifundo cha mkono kinamuuma, akilala anakifunga kitambaa. Nilimwahidi mashine mwaka juzi. Nikamwahidi tena mwaka jana. Safari hii nimenunua kweli, pale pale Columbia Heights, Washington, kwenye duka ninalolinda mlango. Nyekundu. Chuma kitupu. Ukiibeba unatembea kama mja mzito.

Nimempigia Johari, nikamwambia nina kijizawadi. Akasema haya shemegi, lakini kiwe kidogo, maana mumewe Fawaz keshajaza.

Fawaz! Mwanyumba wangu huyu hajambo kwa kujaza. Mama yake na mama yangu wanakaa ukuta kwa ukuta, na akituma kitu mtaa mzima unajua kabla ya adhuhuri. Mwaka jana alituma mapazia. Mama alinisimulia habari za mapazia yale mpaka Ramadhani.

Sikusema kijizawadi changu kina uzito gani. Sikuulizwa.

Jumapili, 21 Desemba

Nimejitolea kuwapeleka uwanja wa ndege kwa gari langu, na kuwaazima begi langu kubwa la magurudumu. Ukarimu mtupu! Mashine nimeizungushia blanketi na madera mawili, nikailaza chini kabisa. Juu nikatandika soksi.

Nikafika kwao, mji wa Columbia. Fawaz akanipokea mlangoni, akalishika begi kwa mkono mmoja. Begi halikuinuka. Akauliza soksi hizi za nani, za sanamu la mawe?

Akaleta mizani yake ya kuning'iniza. Fawaz ni mtu wa kuwa na mizani ya mabegi, na mizani yenyewe ina mfuko wake. Akapima, akafungua begi, akaiona mashine. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Johari hakucheka. Alisema yeye anakwenda kupumzika kwao, hahamishi kiwanda.

Pembeni nikaona mzigo wa Fawaz mwenyewe: seti ya sufuria, kubwa mpaka ndogo, mifuniko ya vioo. Kwa mama yake. Kwa hiyo sufuria si kiwanda!

Nimerudi nyumbani Langley Park na mashine kwenye kiti cha mbele. Nimeifunga mkanda.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeamka na akili. Tatizo si mashine. Tatizo ni mizani.

Bafuni kwetu ipo mizani ya kusimamia, na chini yake kuna kigurudumu. Ukikizungusha, mshale unarudi nyuma. Nimezungusha kidogo. Nikatazama. Nikazungusha tena.

Kisha nikampigia Johari, nikamweleza kwamba mizani za kuning'iniza huongopa wakati wa baridi. Chuma hujikunja. Johari akasema hajapata kusikia jambo hilo. Nikamwambia na mimi nimelisikia leo.

Nikaibeba mizani mpaka kwao. Fawaz alikuwa kazini. Tulipima kwa raha zetu. Mabegi yote mepesi kama pamba! Johari alifurahi hivi kwamba mashine aliipakia kwa mkono wake mwenyewe, juu ya sufuria. Halafu akarudisha chupa za losheni alizokuwa amezitoa. Halafu mfuko wa chokoleti. Nilijaribu kumzuia kwenye losheni. Akaniambia nisiwe bahili wa nafasi isiyo yangu.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kosa moja dogo: mizani niliirudisha bafuni, kigurudumu sikukirudisha. Nahla akaipanda.

Nimesikia kigelegele.

Jumanne, 23 Desemba

Nahla amewaeleza rafiki zake wote, wafanyakazi wenzake, na jirani yetu wa chini anayejua Kihispania tu. Huyo alielezwa kwa ishara za kiuno. Nahla anasema kilichompunguza ni ile chai ya tangawizi. Jioni akapika wali wa nazi na mchuzi wa nguru, akala sahani tatu, maana sasa ana nafasi.

Nimwambie nini? Mume gani mwenye akili zake atamvunja moyo mkewe kwa habari ya kigurudumu? Nimemsifu. Nikasema hata uso umechongoka.

Mama naye kapiga simu. Johari keshampa habari, na Mama keshautangazia mtaa. Kapokea oda ya keki ya harusi ya Jumamosi, ya ngazi tatu. Keki za namna hiyo alikuwa anazikataa tangu mkono ulipoanza kuuma. Hakuongea sana. Alisema, "Mwanangu, Mungu akupe," na sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kunigombeza.

Nilikaa kwenye gari kidogo kabla ya kuingia kazini. Nilishikwa na haya. Zikapita.

Jumatano, 24 Desemba

Leo sitaisahau.

Barabara ya kuzunguka jiji imejaa tele, kila mja anakwenda kwa mama yake. Mvua ya barafu. Fawaz kakaa mbele akinielekeza njia ambayo simu ilikuwa ikinielekeza tayari. Nyuma Nahla, Johari na Layla, na miguu yao juu ya mizigo.

Tukafika uwanja wa ndege wa Dulles, tukapanga foleni. Begi la kwanza likapandishwa. Mama wa kaunta akatazama namba, akatutazama sisi, kwa huruma. Zito. La pili zito. La tatu zito kuliko hayo. La nne tu ndilo lililopita, la Layla, lenye midoli.

Johari akageuza shingo pole pole, akanitazama. Fawaz akatia mkono kwenye koti, akatoa mizani yake. Alikuja nayo! Akapima, akanionyesha namba. Aliyesema ni Nahla. Alisema kwa sauti, "Lakini mizani yetu nyumbani mbona..." Nikamwona anapiga hesabu kichwani. Macho yake baada ya hapo siwezi kuyaandika.

Tukafungua mabegi sakafuni. Watu wenye masweta mekundu wakayaruka madera yetu, na nguo nyingine za Johari ambazo hazikutaka kuonwa. Ikatoka losheni. Ikatoka chokoleti. Layla akauliza kwa Kiingereza kwa nini mjomba anatokwa na jasho ilhali nje kuna barafu. Begi la tatu bado zito. Vimebaki vitu viwili vya kutoa: sufuria au mashine.

"Shemegi," Johari akasema, "mashine inatoka. Basi."

Nyuma yetu foleni inahema. Mimi nilikuwa na hila mbili za akiba. Ya kwanza, Johari aipakate mashine ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Nilifungua mdomo niiseme, badala yake ikatoka kweli tupu. Nikasema Mama kapokea oda ya keki ya ngazi tatu. Nikasema mkono wake siku hizi haufungui hata chupa ya maji, na mimi namdanganya mwaka wa tatu huu. Wallahi haikuwa hila. Ningejua ina nguvu hivyo, ningeanza nayo.

Fawaz akatazama dari. Kisha akachutama, akaanza kutoa sufuria, moja moja.

"Tia mashine," akasema.

Nikamuuliza, "Na mama yako, mwanyumba?"

"Mama yangu sufuria anazo. Kila nikimpigia simu, anachonililia ni mkono wa jirani yake."

Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa kashika mifuniko.

Wamepita salama, Layla akitupungia mkono mpaka walipopotea. Tukarudi. Fawaz kapakata sufuria njia nzima, na kila shimo la barabara vifuniko vinalia kama kengele za Krismasi. Nahla alisema mara moja tu. Aliuliza kigurudumu kilizungushwa lini. Nikasema Jumatatu. Akasema kwa hiyo ule wali wa jana. Nikasema ndiyo, ule wali.

Ijumaa, 26 Desemba

Imefika! Mashine imefika, nzima, inameremeta!

Nimeishuhudia kwa simu nikiwa kwenye chumba cha mapumziko kazini. Jikoni kwa Mama wamejaa watu kama hitimani, mama yake Fawaz mbele kabisa na miwani yake. Plagi ilikataa kuingia ukutani, mtu mmoja akakimbia kuleta kiunganishi. Mama akatia siagi, sukari na mayai. Akasoma bismillahi. Akabonyeza.

Mashine ilinguruma kama ndege. Mchanganyiko wa keki ukapaa! Ukapiga ukuta, ukapiga dari, ukapiga dera jipya la Johari na miwani ya mama yake Fawaz. Kisha moshi. Kisha kimya. Harufu haipiti kwenye simu, lakini mimi niliisikia.

Umeme! Umeme wa kule nguvu yake ni mara mbili ya huu wa huku. Kila mtu anajua. Hata mimi nilikuwa najua, ila siku ya kununua sikukumbuka kwamba najua.

Fawaz alinipigia papo hapo. Alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akasema kwa upole kwamba sufuria, mwanyumba, hazina umeme.

Nilidhani Mama analia. Alipoifuta simu, nikamwona: anacheka! Anacheka huku kaushika mkono mbovu kwa mkono mzima. Kisha mama yake Fawaz akajifunga kanga kiunoni, akachukua mchapo wa kupigia mayai, akasema yeye ana mikono miwili na haina kazi, Mama amwelekeze tu. Nikawaacha wakigombana kuhusu kiasi cha iliki.

Baadaye Johari kanitumia picha. Keki ya ngazi tatu, nyeupe, imenyooka. Pembeni wale vikongwe wawili wana sukari mpaka kwenye nyusi. Mama kasema mashine ataiweka sebuleni, aifunike kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kila mgeni ataambiwa imetoka kwa nani.

Nilikwenda kusimama nyuma ya vitoroli vya duka, nikalia kidogo. Nikajiambia: Shamte, yamekwisha. Hila basi. Ukitaka kumpendeza mama yako, mpigie simu.

Jumapili, 28 Desemba

Nimefikiri vizuri. Mashine haikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni transfoma!

Ni sanduku dogo la kupunguza nguvu za umeme. Hapa Langley Park wanaliuza. Mwenye duka alinitolea kwa kitoroli, akaniomba nisiliinue peke yangu. Zito kupita mashine. Na kwa bahati, mashine zile zile zimeshuka bei baada ya Krismasi, imebaki moja nyeupe. Nimechukua vyote viwili. Nahla sijamwambia, lakini hasemi na mimi tangu Jumatano, kwa hiyo huwezi kuita siri.

Leo mlangoni kazini nimekutana na Leonard. Mtanzania, anafanya kazi za ofisini, mpole, mwembamba, ana ile sura ya mtu asiyejua kukataa. Alikuja kununua begi. Mwezi ujao anakwenda Dar es Salaam, peke yake, hana mke, hana watoto, hana mizigo! Na Dar na Unguja ni boti tu.

Sikumgusia lolote. Nilimsaidia kuchagua begi kubwa zaidi. Halafu nikamuuliza kama anapenda pilau.

Anapenda sana.