Miti Arobaini kwa Mkono

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya aibu kwa kila aliyewahi kushika penseli. Programu imefika studioni. Inaotesha miti! Mkulima aliiweka kwenye kompyuta yake kabla hata chai haijapoa, akatuita sote tukashuhudie. (Mkulima ni jina la utani tu. Ana mikono laini kama pamba, na jembe hajaligusa tangu azaliwe.) Aliandika namba kwenye kisanduku, akabofya, mti ukachipuka: shina, matawi, majani, hata kivuli. Akabadilisha namba, ukaota mwingine. Akasema hiyo ndiyo namba ya mbegu, na kila namba ina mti wake. Watu wakapiga makofi. Hata mama wa chai, ambaye kwa miaka tisa nimemhesabu kuwa mtu wa busara!

Nikasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba mti si kifaranga wa kutotolewa kwa mashine. Nimechora miti ya katuni miaka ishirini na sita, jani kwa jani. Hakuna aliyenipigia makofi.

Kisha Bosi akatangaza. Filamu yetu inamhusu bibi anayerudi kwao baada ya miaka mingi. Njiani anapita msituni, miti arobaini. Mwisho anafika uani kwake, anasimama mbele ya mti mmoja. Mti huo ndio roho ya filamu. Atakayeleta msitu mzuri zaidi Ijumaa ndiye atakayepewa mti wa uani.

Mti ule ni wangu! Nani mwingine humu ndani aliyeacha mti uani kwao akiwa na miaka kumi na tisa, asiuone tena? Mkulima anaishi ukuta kwa ukuta na mama yake. Nikasimama, nikasema nitaleta miti yote arobaini, kwa mkono, kufikia Ijumaa. Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazi iliyokamilika kufikia saa kumi jioni: nusu mti.

Mkulima alipita akaniamkia, shikamoo mzee wangu, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Hufanya hivyo kila asubuhi. Nina miaka sitini na moja tu! Adabu nayo ni silaha ikitumiwa na mjuzi. Nikamwitikia marahaba huku nimeuma meno.

Nyumbani dada akapiga hesabu. Nusu mti kwa siku, miti arobaini, siku themanini. Akauliza kama Bosi alitaja ni Ijumaa ya mwaka gani. Dada ananizidi miaka mitano na haniruhusu kusahau hata mmoja.

Ndipo wazo likanijia. Zuri. Zuri sana. Hata dada sikumwambia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nilimwambia Mkulima kwamba mpwa wangu anapenda mambo ya kompyuta, anatamani kujua hii programu inavyofanya kazi. (Mpwa huyo hajazaliwa. Dada hakujaliwa mtoto, wala ndugu yangu mwingine yeyote, kwa kuwa sina.) Basi alivyofurahi! Akaniandikia hatua sita kwenye karatasi, kwa mwandiko wa kupendeza, na chini akaongeza salamu kwa mpwa. Mtu asiye na hila hata chembe. Inaudhi. Unamtegea mtego, naye anakushikia kamba ufunge vizuri.

Saa ya chakula, wote walipotoka, nikajifungia stoo, penye kompyuta ya akiba. Mti wa kwanza: nilivuta kila kipimo hadi mwisho. Ukaota kichwa chini, mizizi angani, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mti wa pili: majani mengi mno, kompyuta ikanguruma, ikazimika. Nikatulia. Nikaandika namba ya nyumba yetu ya zamani, 47.

Mungu wangu.

Shina limeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Na kushoto, tawi la chini, nene, limekatika ncha. Pale pale mama alipofunga kamba ya nguo. Nilikaa nikautazama mpaka chakula changu kikapoa kwenye mkebe.

Hatua ya sita kwenye karatasi ya Mkulima ilisema nibadilishe namba kwa kila mti. Ushauri wa kipuuzi! Mtu akishapata mti kama huu, abadilishe ili apate nini? Nikaupanda mara arobaini, mingine mbele, mingine nyuma. Dakika sita. Msitu!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mtu aliyechora miti arobaini kwa siku nne lazima awe ameumia. Nikafunga bandeji mkononi. Matokeo yakapita matarajio. Mama wa chai aliniachia kiti chake. Bosi akasema nisijiue kwa kazi.

Mkulima akaharibu kila kitu, kama kawaida yake. Akaniletea dawa ya kuchua. Akanibebea mkoba mpaka kituo cha basi, njia nzima akiuliza habari za mpwa. Nikalazimika kusema mpwa ana homa. Sasa anamwombea.

Dada alinifungulia mlango, akauliza ni mkono upi hasa unaouma, maana asubuhi bandeji ilikuwa kulia. Watu wa nyumbani hawafai kuwa mashahidi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeumia. Safari hii kweli.

Alianza Mkulima. Msitu wake ulikuwa mzuri, nakiri kwa uchungu. Kila mti na tabia yake. Kisha zamu yangu. Nilitanguliza maneno machache kuhusu heshima ya mkono wa binadamu. Dakika kumi na mbili. Picha ikafunguka ukutani.

Wote wakakodoa macho. Nikadhani wamepigwa na butwaa kwa uzuri.

Mama wa chai, aliyekuwa mlangoni na trei yake, akauliza mbona miti yote hii ni pacha. Akaonyesha kwa kidole: tawi lile, na lile, na lile kule nyuma. Mtu akacheka. Nikasema ndivyo ilivyo miti ya ukoo mmoja. Hapo Mkulima, bila nia mbaya (hana nia mbaya, ndilo balaa lake!), akawasha upepo wa programu, akidhani ananisaidia. Miti arobaini ikainama kushoto kwa pamoja, ikasimama, ikainama tena, kama askari kwenye gwaride. Studio nzima hoi. Mtu wa sauti alilazimika kutoka nje akapumue. Bosi akafungua faili. Namba 47, mara arobaini. Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana, kompyuta ya stoo.

Kilichofuata sitakisamehe. Mkulima alinitetea! Akasema kosa hilo hulifanya kila anayeanza, hata yeye aliwahi kuleta msitu wa mti mmoja. Akasema nimwambie mpwa asikate tamaa. Afadhali angenizaba kofi mbele ya watu.

Bosi hakucheka. Akaniuliza kwa nini mti huo, na lile tawi ni la nini. Nilifungua mdomo nidanganye. Uongo ninao, tena wa kila aina. Ukatoka ukweli, bila ruhusa yangu. Kwamba kwetu palikuwa na mti namna hiyo. Kwamba mama alianika nguo hapo. Kwamba asubuhi tuliyoondoka shuka zilikuwa bado mbichi, tukaziacha kambani.

Hakuna aliyecheka tena. Bosi akasema nitoe thelathini na tisa. Huo mmoja ndio mti wa bibi. Msitu utakuwa wa Mkulima, na mti wa uani tutaumalizia pamoja: yeye kwenye kipanya, mimi kwenye kiti cha pembeni, nikisema tawi likae wapi. Kiti cha pembeni! Miaka ishirini na sita!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilimwonyesha dada picha ya mti. Akaitazama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Kisha akasema tawi liko upande usio wake. Lilikuwa kulia.

Nilipandwa na hasira! Nikamwambia nililiona kila siku ya utoto wangu kutoka dirisha la jikoni. Akasema ndiyo, mdogo wangu, wewe ulikuwa dirishani unakula. Mimi nilikuwa upande wa pili, naanika.

Akaenda kuchemsha maji, ingawa hakuna aliyeomba chai.

Nimelifikiria jambo hilo kwa haki. Bibi wa filamu anaingia kwa lango, haingii kwa dirisha la jikoni. Kwa hiyo atauona mti kama dada alivyouona. Kesho nitamwambia Mkulima augeuze. Nitasema nimeligundua mwenyewe.

Jioni hii Bosi ameandika kwenye kundi la kazini. Anasema ua wa bibi uko mtupu, unataka nyasi, na kwa jinsi mti ulivyotugusa angependa nyasi hizo zichorwe kwa mkono, unyasi mmoja mmoja. Akauliza nani ataweza. Nimejibu kabla hajamaliza kuuliza. Mimi! Zote, kufikia Ijumaa. Mkulima akaandika mara moja, anauliza kama mkono umepona, na mpwa je, homa imeshuka?

Basi. Hiyo programu ina nyasi pia, niliziona Jumatano. Namba ninayo. Na nyasi kwa asili yake zinafanana. Nani atakaa azihesabu?

Bandeji nimeshaifua. Iko kambani, inakauka.