Kamati ya Anwani Zinazohama

Kitengo cha Makazi ya Mtandao kinayo furaha kuwatangazia wakazi wa Sumbawanga kwamba, kuanzia wiki hii, hakuna anwani ya intaneti itakayoishi mjini hapa bila kujulikana inakaa wapi.

Nikiwa katibu wa kamati ya utekelezaji, nieleze kwa faida ya wote. Kila laini ya intaneti ina anwani yake, tarakimu kadhaa zenye nukta katikati. Nyingine ni za kudumu. Nyingine kampuni ya mtandao huweza kuzigawa upya kila ruta inapozimwa na kuwashwa. Mkuu wetu, Bwana Oswaldi, aliambiwa jambo hili kwenye semina, akarudi amefadhaika.

"Kitu kinachobadilisha anwani kinakimbia nini?" alituuliza.

Tukaunda kamati.

Kanuni ikatoka, na saini ya Bwana Oswaldi chini yake: mwenye anwani inayobadilika ahesabiwe hana makazi maalumu, na shughuli zake zote zisimame siku thelathini. Kwenye rasimu niliandika kwamba anwani hizo "hupotea na kutokea kwingine". Bwana Oswaldi akafuta, akaweka "huhama". Mji wetu una sifa zake za uchawi, alisema, na watu wa Dar hawahitaji kuongezewa.

Tulianza Jumatano, na steshenari ya Dominika pale Mollo. Vijana kumi na tisa walikuwa wamepanga foleni kutuma maombi ya chuo. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa.

"Barua ya mwenyekiti wa mtaa iko wapi?" aliuliza Bwana Oswaldi.

"Barua ya nini, mkuu?"

"Ya kuthibitisha kwamba anwani hii ni mkazi wa hapa kwa miezi isiyopungua sita."

Mwenyekiti, Mzee Nestory, akaitwa kutoka shambani. Tukampa shikamoo, akavaa miwani, akazisoma namba mara mbili.

"Huyu simfahamu," alisema. "Msibani hajawahi kuonekana. Tulipochimba mtaro hakuja. Mtu wa namna hiyo simpigii mhuri."

Nikaandika: shahidi hana upendeleo.

"Mama Katibu," akasema Dominika, "hili ni jambo la dakika mbili. Naiuliza kompyuta anwani yangu, naiandika, nazima ruta, nawasha, nauliza tena."

"Utaratibu huo haujaidhinishwa," nilimjibu, lakini alikuwa ameshazima. Alipowasha, namba zilikuwa nyingine.

"Imekiri!" akasema Bwana Oswaldi. "Funga duka."

"Na chuo je?" aliuliza binti mmoja, Asnath, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Mtaomba mwakani."

"Mwakani nitakuwa kijijini Mwazye napalilia ulezi, mtoto mgongoni!"

Dominika hakulia. Alidai amri ya maandishi, na hiyo ni haki yake. Amri zetu hutoka kwa barua pepe, kwa hiyo tukaenda wote ofisini, vijana nyuma yetu na upepo usoni. Bwana Oswaldi akakaa kwenye kompyuta, akapasha vidole joto.

"Samahani, mkuu," akasema Dominika. "Anwani ya hapa yenyewe ni ya kudumu?"

"Hii ni ofisi. Ina bendera."

"Basi zima ruta tuone."

"Mama Katibu, zima," akaniamuru, kwa tabasamu la mtu mwenye bendera.

Nikaandika namba, nikazima, nikawasha. Zikaja nyingine. Akasema nirudie. Zikaja nyingine tena. Mara ya nne akaomba maji.

Mimi ni mtu wa kanuni. Nikaandika hapo hapo: ofisi haina makazi maalumu, shughuli zake zote zisimame siku thelathini, ikiwemo kutoa amri ya kufunga duka lolote.

"Unanifungia mimi?" akauliza Bwana Oswaldi.

"Sina uwezo huo, mkuu. Imekufungia saini yako."

Kamati inaripoti kwa fahari kwamba utekelezaji ulikamilika siku ya kwanza. Makao makuu, waliposikia, walitaka maelezo ya Bwana Oswaldi kwa barua pepe kabla ya Ijumaa saa sita. Ofisi imefungwa, na simu yake ni ya tochi, haina intaneti. Ijumaa asubuhi akaingia steshenari ya Dominika, karatasi mkononi, akaelekea moja kwa moja kwenye kompyuta. Asnath alikuwa anajaza fomu. Hakugeuka.

"Foleni inaanzia nje, baba."