Nondo ya Husseini na Kandambili Zetu

Jumatatu, 4 Agosti

Mazoezi, hapa Pangani ya Kibaha. Balaa! Stellamaris, mwimbaji wetu, kapigwa shoti ya mdomo na maikrofoni. Tena kwenye kibwagizo, pale penye utamu. Kaitupa chini. Maikrofoni yangu! Hakuuliza hata kama imepona.

Akasema akipigwa shoti mbele za watu, anahamia kwa Husseini wa Kisarawe. Eti Husseini kila anapokwenda kupiga muziki huchimbia nondo ya shaba ardhini, akaiunganisha na vyombo vyake kwa ule waya wa kijani na njano. Eti mwimbaji wake haumwi na kitu, spika hazingurumi. Mwanamuziki na nyundo! Mimi Leodegar, mwanzilishi wa bendi ya Sauti Nyororo, nina masikio, sihitaji nondo. Waya wa kijani na njano tulikuwa nao kwenye ekstensheni. Mwaka jana nikauchomoa, nikafungia banda la kuku. Muziki ukaendelea. Kuku nao hawajatoroka.

Lakini bila Stellamaris hakuna bendi. Hilo nalijua, ingawa simwambii. Jumamosi tuna harusi kule Masaki ya Kisarawe, ya binti wa Mzee Mashaka. Lazima abaki.

Jumanne, 5 Agosti

Dawa imepatikana. Soksi! Nimeivika maikrofoni soksi. Stellamaris akasema inanuka mguu. Nikaifua mbele yake, nikaivika tena, na kwa uungwana nikatangulia kujaribu mimi. Haikuwa imekauka. Nilirushwa hadi kwenye ngoma za Godbless. Nikawaambia huo ni mtindo mpya wa kucheza. Godbless akacheka mpaka akakaa chini. Mpiga ngoma gani huyu!

Mama Jenifa, mwenye nyumba, naye akaja kuuliza kama nimefungua mashine ya kusaga, maana spika zinanguruma mmmmm tangu asubuhi. Nikamweleza kuwa hiyo ni besi. Akauliza mbona inalia hata kabla hatujaanza kupiga. Nikamjibu kuwa besi nzuri hutangulia. Watu hawana heshima kwa sanaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kandambili! Stellamaris katoka kunawa miguu, kandambili zake mguuni, kashika maikrofoni. Kimya! Haijamuuma. Nikang'amua papo hapo: mpira.

Nimenunua jozi kwa bendi nzima. Rangi ya waridi, ndiyo iliyobaki dukani. Sasa ni sare. Stellamaris alinuna, kwamba gauni la kumetameta na kandambili wapi na wapi. Nikamwambia gauni ni refu, litafunika. Tumepiga mpaka jioni bila mchomo hata mmoja. Kacheka, kasema pengine nina akili. Pengine! Husseini abaki na nyundo yake, akajenge vyoo.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa hasira.

Tulifika Masaki salama. Uwanja wa Mzee Mashaka ulikuwa umenyunyiziwa maji kuzuia vumbi. Umeme tukauvuta kutoka dirishani kwake. Tundu la tatu la soketi yake ni pambo tu, nyuma yake hakuna waya. Spika zikaanza mmmmm. Na nikamwona nani kakaa mkekani? Husseini! Kaalikwa kama jirani. Akaniita pembeni, akasema nondo yake iko kwenye pikipiki, tuichimbie mara moja, bure. Bure! Namjua. Kesho angetangaza mpaka Kibuta kwamba kamwokoa Leodegar. Nikamwambia kwa adabu akale pilau.

Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu tukamtaja Mzee Mashaka kwa jina, na mzee akitajwa kwenye shughuli yake hakai. Akaacha viatu mkekani, akaja anacheza peku kwenye lile tope, noti mkononi, kumtunza mwimbaji. Akambandika noti kwenye paji la uso, jasho linamtiririka.

Mayowe! Ya wote wawili, tena kwenye spika. Mzee chali matopeni, kofia huku, noti kule. Stellamaris kapiga magoti, kashika mdomo. Wazima wote, Mungu mkubwa. Lakini aibu! Stellamaris akasimama, akaniambia mbele ya ukoo mzima kuwa kandambili zilimtenga yeye na ardhi, na Mzee alipomgusa na miguu yake mitupu ndiye aliyeupa umeme njia. Kana kwamba mimi ndiye niliyemvua Mzee viatu!

Husseini akachimbia nondo, akafunga waya wake kwenye mashine yangu ya kukuza sauti bila ruhusa. Spika kimya. Stellamaris akaimba mpaka mwisho, viatu vya kisigino mguuni. Watu wakashangilia nondo. Nondo!

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia Mzee Mashaka kumpa pole. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ikaja kwa mbali. Kumbe simu kaiweka mezani, anaogopa kuishika. Dharau.

Stellamaris kanitumia ujumbe kuwa kuanzia leo yuko kwa Husseini. Basi. Hata pole hakuna. Imeniuma, sitaficha. Nyimbo zote nilizotunga nilizitunga kwa sauti yake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetafakari siku mbili, na kosa nimeliona. Kandambili! Bila zile kandambili Stellamaris angekula shoti ndogondogo tangu wimbo wa kwanza, na mtu huzoea. Tulimdekeza, umeme ukajilimbikiza, ukamlipukia Mzee wa watu. Nimezigawa zote.

Sasa nitaimba mwenyewe, peku, kiume. Na kazi nimeshapata! Jumamosi tunazindua sehemu mpya ya kuoshea magari, hapa Kibaha. Sakafu ya saruji, laini, nzuri kwa kucheza. Mwenye shughuli kauliza kama afunge mipira ya maji tukianza kupiga. Nimemwambia aiache yote wazi, inapendeza.